Kwa nini vanishi inayokaushwa kwa urujuanimno huongezewa kinasa mwanga?

Zipo vanishi na rangi ambazo hazisubiri hewa wala joto ili zikauke, bali hugeuka utando mgumu kwa muda mfupi mno zinapomulikwa kwa mwanga wa urujuanimno. Katika zile za aina ya kationi (yaani zinazogandishwa na chembe zenye chaji chanya), ambazo aghalabu hutengenezwa kwa utomvu wa epoksi, mwanga haugandishi epoksi yenyewe: huvunja chumvi ya iodoniamu (yenye iodini) au salfoniamu (yenye salfa) iliyochanganywa humo, nayo huzaa asidi kali inayounganisha molekuli kuwa polima, yaani minyororo mirefu. Chumvi hizi ziliendelezwa na James Crivello katika kampuni ya General Electric miaka ya 1970.

Kasoro yake ni kwamba chumvi za kawaida za iodoniamu hunasa zaidi mawimbi mafupi, yaliyo chini ya nanomita 300, ilhali taa za LED za viwandani hutoa mwanga wa nanomita 365, 385, 395 au 405. Mwanga upo tele, ila unapita bila kufanya kazi. Rangi nyeupe ni ngumu zaidi, kwa kuwa titani dioksidi iliyomo hunyang'anya sehemu kubwa ya mwanga ulio chini ya nanomita 400.

Kuongeza chumvi hakusaidii sana, kwani ikizidi, tabaka la juu hunasa mwanga wote, uso ukakauka huku chini kukibaki majimaji na utando ukakosa mshiko. Lenye tija ni kutia kiasi kidogo cha kinasa mwanga, kama vile thioksanthoni au kampaundi za jamii ya antrasini, ambacho hupokea mwanga wa mawimbi marefu kisha huipa chumvi elektroni, nayo ikavunjika kana kwamba imemulikwa yenyewe. Iodoniamu hupokea elektroni kwa wepesi kuliko salfoniamu. Ndiyo maana thioksanthoni huifaa ya kwanza, na ya pili huhitaji antrasini. Kwa maoni yangu antrasini ndiyo bora kwa tabaka nene, maana hufifia kadiri inavyotumika na kuuachia mwanga njia ya kwenda chini, wakati thioksanthoni huweza kuacha umanjano (jambo lisilopendeza kwenye vanishi angavu).

Hata hivyo, si kila kinasa mwanga kinafaa. Chenye amini (kampaundi za nitrojeni zenye tabia ya besi), ambacho hutumika bila shida katika vanishi za akrilati, zisizotegemea asidi, katika hizi za kationi huidhoofisha asidi ileile inayotafutwa, na utando hubaki unanata hata mwanga ukinaswa vizuri namna gani.