Mizani ikipanda baada ya kuanza vyuma, si lazima umenenepa

Wapo wanaoacha gym kabla mwezi haujaisha kwa sababu hii: walikuja kupunguza uzito, mizani ikapanda kilo moja au mbili, wakaamini vyuma vinanenepesha. Si kweli. Ili mwili uweke kilo moja ya mafuta, unahitaji kula takribani kalori 7,700 zaidi ya unazotumia. Kama chakula chako hakijabadilika, mafuta hayo yatatoka wapi?

Mwanzoni kinachoongezeka hasa ni maji. Msuli usiozoea mzigo hupata michubuko midogo sana, ndiyo maana siku ya pili hata kushuka ngazi ni shida, na mwili hupeleka maji pale unapoukarabati. Msuli unaofanya kazi pia huweka akiba zaidi ya glaikojeni, yaani wanga wa kuupa nguvu, na kila gramu ya akiba hiyo hushika karibu gramu 3 za maji. Anayetumia kreatini, kirutubisho ambacho baadhi ya wanaobeba vyuma hukinywa ili kupata nguvu, huongeza maji mengine juu ya hayo.

Msuli wenyewe hujengeka polepole, kwa miezi. Ni mzito kuliko mafuta ya ujazo uleule, hivyo suruali yaweza kulegea kiunoni na mizani isishuke. Chukua futikamba ya fundi cherehani, pima kiuno usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki. Kiuno nacho kikizidi kupanuka mwezi hadi mwezi, hapo sasa kagua sahani, ukianza na chipsi na soda za kujipongeza baada ya mazoezi.