Kuongoza kwa wajumbe si kupata tiketi

Wengi huamini kwamba katika mkutano mkuu wa chama Marekani, mwenye wajumbe wengi kuliko wenzake ndiye mgombea urais. Sivyo. Lazima avuke nusu ya kura zote. Asipovuka, kura hupigwa tena na tena, na wajumbe waliofungwa na matokeo ya majimbo yao huanza kuwa huru kuhama.

Tazama Chicago, 1860. William Seward aliongoza duru ya kwanza ya Republican kwa kura 173 na nusu. Abraham Lincoln alipata 102. Zilihitajika 233. Duru ya pili, Pennsylvania ikamhamia Lincoln. Ya tatu, akapungukiwa na kura moja na nusu tu, ndipo wajumbe wanne wa Ohio wakabadili kura zao palepale ukumbini. Seward akaambulia patupu.

Wala si lazima mshindi atoke miongoni mwa vinara. Mwaka 1924 chama cha Democratic, ambacho wakati huo kilidai theluthi mbili za kura badala ya nusu, kilipiga kura mara 103. Vinara wawili, William McAdoo na Al Smith, wakachoshana, na tiketi ikamwendea John W. Davis.

Kwa hiyo anayelia kwamba aliyeongoza kwa wajumbe "ameibiwa" tiketi aulize kwanza: je, mgombea huyo alivuka nusu?