Je, wajua? Upepo wa baharini ukizidi, hewa ukaa huweza kutoka badala ya kuingia

Waulize watu upepo una kazi gani kwenye hewa ukaa inayofyonzwa na bahari, wengi watakujibu hivi: upepo ukivuma kwa nguvu, mawimbi yanachafuka, mapovu yanazamishwa, na gesi inaingia majini kwa wingi. Basi pepo zikizidi, bahari itafyonza zaidi. Jibu hili lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni gumu kuling'oa.

Ukweli wenyewe ni kwamba gesi hupita kati ya hewa na maji kwa wepesi zaidi kadiri upepo unavyoongezeka. Kanuni inayotumika sana hufuata mraba wa mwendo wa upepo: mwendo ukiwa maradufu, wepesi huo unakuwa karibu mara nne. Lakini wepesi wa kupita hausemi gesi inaelekea wapi. Chukua ukumbi wenye mlango mmoja. Upepo ni kama mtu anayeupanua mlango. Akiupanua wakati watu wamesongamana nje, wataingia. Waliobanana wakiwa ni wa ndani, watatoka, tena kwa wepesi uleule. Na msongamano ukiwa sawa pande zote mbili, panua mlango utakavyo, idadi ya waliomo haibadiliki, kwa kuwa wanaoingia wanalingana na wanaotoka. Kwa gesi, msongamano huo ni shinikizo lake hewani na majini. Tofauti ya mashinikizo hayo mawili ndiyo inayochagua njia. Upepo hauna kauli hapo.

Kinachobaki ni kujua ukumbi unajazwa na nini, na hapo upepo unarudi kwa njia nyingine kabisa. Mahali pazuri pa kuliona jambo hili ni Bahari ya Kusini, inayoizunguka Antaktika. Katika latitudo za Mlangobahari wa Drake, kati ya Amerika Kusini na Antaktika, hakuna nchi kavu inayokatiza, hivyo pepo za magharibi na mkondo wa bahari huizunguka dunia bila kizuizi.

Upepo hausukumi maji kuelekea kule kule unakovuma. Mvumbuzi wa Norwei Fridtjof Nansen, akiwa na meli ya Fram kwenye barafu ya Aktiki kuanzia 1893, aliona barafu ikienda kuliani mwa upepo. Mwanasayansi wa bahari kutoka Sweden, Vagn Walfrid Ekman, akalieleza kihesabu mwaka 1905: dunia inapozunguka, maji yanapinda. Kusini mwa ikweta hupinda kushoto. Jiweke ukitazama mashariki, upepo wa magharibi ukikupiga mgongoni. Kushoto kwako ni kaskazini. Maji ya juu yanahamishwa kuelekea huko, na nafasi yake inachukuliwa na maji yanayopanda kutoka kina cha kilomita mbili hadi tatu.

Maji hayo yamekaa karne nyingi bila kugusana na hewa. Muda wote huo mabaki ya viumbe wadogo yamekuwa yakizama na kuozea humo, oksijeni ikitumika na kaboni ikibaki. Yanapofika juu yana hewa ukaa nyingi na oksijeni haba. Kwa hiyo upepo uleule, juu ya maji yaleyale, saa ileile, unatoa hewa ukaa na kuingiza oksijeni. Sijui mfano bora zaidi wa kuonyesha kwamba gesi mbili zinaweza kupishana mlangoni.

Tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20 pepo hizi zimepata nguvu na kusogea kuelekea Antaktika, kwa sababu ya gesijoto na ya tundu la ozoni. Mwaka 2007 mtafiti Corinne Le Quéré na wenzake walionyesha kuwa kati ya 1981 na 2004 ufyonzaji wa jumla wa Bahari ya Kusini haukukua kama ilivyotarajiwa, kwani pepo hizo zilipandisha maji mengi zaidi yenye kaboni. Ni rahisi kudhani kwamba bahari ilikuwa imejaa. Haikujaa: mwaka 2015 mtafiti Peter Landschützer na wenzake walionyesha kuwa ufyonzaji ulipata nguvu tena tangu karibu 2002. Pepo hazikuwa zimetulia, ila mpangilio wake ulibadilika. Upande wa Pasifiki maji ya juu yalipoa, na maji baridi huyeyusha gesi zaidi.

Bahari nayo hujirekebisha. Mkondo ukisukumwa zaidi huzaa mizunguko ya maji yenye upana wa makumi ya kilomita, inayorudisha kusini sehemu ya maji yaliyohamishwa. Programu za kompyuta zinazoiga bahari bado hazikubaliani kuhusu ukubwa wa sehemu hiyo.

Kabla ya viwanda, Bahari ya Kusini ilikuwa ikitoa hewa ukaa. Leo hewani kumejaa kiasi kwamba bahari hiyo hubeba takriban asilimia 40 ya hewa ukaa ya binadamu inayofyonzwa na bahari zote. Kuipima, hasa majira ya baridi, ni kazi ngumu kwa meli, hivyo maboya yanayozama na kuibuka yenyewe yamewekewa vipima pH (kiwango cha uasidi wa maji), na hewa ukaa hukokotolewa kutokana na pH hiyo. Maboya yalionyesha gesi nyingi ikitoka wakati wa baridi. Vipimo vya hewa vilivyochukuliwa kwa ndege, vilivyochapishwa mwaka 2021, vilionyesha ufyonzaji mkubwa kuliko maboya yalivyoashiria. Kosa dogo la pH linatosha kuleta tofauti kubwa katika hesabu ya hewa ukaa, na urekebishaji wa vipima hivyo ndio unaoshughulikiwa sasa.