Juni Mosi si siku ya uhuru

Kila ifikapo Juni Mosi hakosekani mtangazaji wa kuwapongeza Wakenya kwa "siku waliyopata uhuru". Siyo. Siku hiyo, mwaka 1963, Kenya ilipata madaraka, yaani serikali ya ndani: mawaziri wanatoka kwenye chama kilichoshinda uchaguzi, wanawajibika kwa Bunge, na Waziri Mkuu ndiye anayeongoza vikao vyao badala ya Gavana, mwakilishi wa Uingereza. Uhuru ulikuja Desemba 12.

Kinachopotosha ni neno lenyewe. Siku hizi mtu akiwa "madarakani" tunaona king'ora na walinzi. Lakini daraka, neno tulilolitoa kwenye Kiarabu, ni wajibu: jambo ulilokabidhiwa na utakaloulizwa. Na penye kukabidhiwa pana aliyekabidhi. Uhuru ni habari nyingine. Unatokana na huru, mtu asiye mtumwa wa mtu. Huku pwani mtumwa aliweza kukabidhiwa bidhaa za bwana wake akaongoza nazo msafara hadi bara, akapanga bei, akalipa wapagazi. Madaraka alikuwa nayo tele. Huru hakuwa.

Ndivyo ilivyokuwa Nairobi. Kenyatta aliapishwa kuwa Waziri Mkuu, ila Gavana Malcolm MacDonald hakufungasha virago: ulinzi, mambo ya nje na usalama wa ndani vilibaki mkononi mwake. Katiba nayo ilikuwa mali ya London, na kilichotolewa na London kiliweza kurudishwa London. British Guiana, koloni la Uingereza huko Amerika Kusini (leo Guyana), waliyaona hayo mwaka 1953. Mawaziri waliotokana na uchaguzi walikaa siku 133 tu, Uingereza ikatuma askari na kuisimamisha katiba.

Tanganyika ngazi zinaonekana vizuri zaidi. Septemba 1960 Nyerere alikuwa Waziri Kiongozi, lakini aliyekalia kiti cha mwenyekiti wa Baraza la Mawaziri bado alikuwa Gavana Turnbull. Mei 1, 1961 Gavana akakiacha kiti hicho: serikali ya ndani. Desemba 9 ikawa uhuru. Zanzibar walipanda ngazi hizo mwaka 1963, Juni 24 kisha Desemba 10.

Wala madaraka si lazima yazae uhuru. Bermuda, visiwa vilivyo chini ya Uingereza katika Atlantiki, wanayo tangu katiba yao ya 1968. Mwaka 1995 walipoulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka uhuru, wakakataa.

Basi ndugu mtangazaji, Juni Mosi sema "siku Kenya ilipoanza kujitawala kwa mambo ya ndani". Ukiona ni ndefu, "Siku ya Madaraka" inatosha. Pongezi za uhuru ziweke hadi Desemba 12, na hata hapo utaje mwaka: 1963 ni uhuru, Malkia wa Uingereza akiwa bado mkuu wa nchi, 1964 ni jamhuri.