Jina la mwisho la babu sio ramani ya ukoo
Kuna watu wanafunga safari kwenda kutafuta ndugu wakiwa na kitu kimoja tu, jina la mwisho la babu, wanaamini wakifika kijijini wakauliza "kwa kina Salum ni wapi" wataonyeshwa nyumba. Haiendi hivyo jamani. Kwa wengi wetu Tanzania, hasa pwani, jina la tatu ni la babu mzaa baba basi, kizazi kinachofuata linadondoka, kwahiyo binamu yako wa mbali anaweza asifanane na wewe hata jina moja na huyo Salum wa pale sokoni sio ndugu yako kabisa.

Hata kijiji chenyewe usikiamini sana. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976, ile ya serikali ya kuwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa, ilihamisha mamilioni ya watu, so makaburi ya wazee wako yanaweza kuwa kwenye mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa, huko porini. Wengine babu zao walikuwa manamba, yaani vibarua wa mashamba makubwa, walitoka Kigoma au Songea kwenda kukata mkonge Tanga wakabaki hukohuko.

Beba jina la utani la babu, kazi yake, mwiko wa ukoo wenu, jina la bibi na kwao. Mimi nilizunguka na jina tangu asubuhi watu wananiangalia tu, mpaka nikataja cherehani, bibi mmoja akashtuka, "eeh, yule fundi aliyekuwa anachechemea? Njoo ukae mjukuu wangu", mkeka ukatandikwa hapohapo.