Dhana Potofu Kuhusu Ramani ya Simu na Uwezo wa Kutambua Njia

Mtu akisafiri kutoka Mbagala hadi Tegeta kwa kufuata sauti ya simu, kisha akaulizwa bahari ilikuwa upande wake upi, mara nyingi hukosa jibu, ingawa karibu safari nzima ilikuwa kuliani kwake. Wapo wanaoilaumu simu, na wapo wanaojilaumu wenyewe kwamba hawakujaliwa. Lawama zote mbili zina kasoro.

Dhana: Kujua njia ni kipaji cha kuzaliwa.

Ushahidi ulio imara zaidi dhidi ya dhana hii umetoka kwa madereva teksi wa London, ambao kabla ya kupewa leseni hulazimika kuhifadhi kichwani mitaa ipatayo 25,000 iliyomo ndani ya maili 6 kutoka Charing Cross. Mwaka 2000, Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kwamba kwa madereva hao sehemu ya nyuma ya hipokampasi, yaani eneo la ubongo linalohusika sana na kumbukumbu ya mahali, ni kubwa kuliko kwa watu wengine. Wenye shaka walikuwa na hoja nzuri: huenda waliozaliwa na hipokampasi ya namna hiyo ndio wanaovutiwa na kazi hiyo. Ndipo Maguire na Katherine Woollett wakawafuatilia wanafunzi 79 wa udereva teksi tangu mwanzo wa masomo yao, na matokeo ya mwaka 2011 yakaonyesha kwamba badiliko lilitokea kwa wale 39 waliofaulu, ilhali mwanzoni hawakutofautiana na wenzao. Madereva wa mabasi wa jiji hilohilo, ambao nao hushinda barabarani lakini hupita njia zilezile kila siku, walipopimwa hawakuwa na ukubwa huo. Inaonekana basi kwamba kilometa nyingi pekee hazitoshi. Kinachofunza ni kulazimika kuamua upite wapi.

Dhana: Simu inaharibu ubongo, kwa hiyo iachwe.

Neno “kuharibu” limezidi. Mwaka 2017, Hugo Spiers na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu 24 walipimwa ubongo huku wakitafuta njia katika picha za mitaa ya Soho, London. Walipojitafutia njia wenyewe, hipokampasi ilichangamka walipoingia mtaa mpya, hasa mtaa wenye njia nyingi za kuchagua. Walipoelekezwa na kifaa, haikuonyesha mchangamko huo. Ubongo haukuumia, ulikosa kazi tu, na anayeupa likizo ya namna hiyo kila siku asishangae akiishi mjini miaka kumi bila kuujua.

Dawa ni kubadili utaratibu. Kabla ya kuwasha sauti, itazame njia yote, kisha itamke kwa maneno yako: “Nitashika Barabara ya Kilwa kuelekea kaskazini, niingie Mandela hadi Ubungo, nifuate Sam Nujoma hadi Mwenge, halafu Barabara ya Bagamoyo.” Njiani, kila unapokaribia makutano, bashiri kwanza utapinda wapi, ndipo usikilize simu inasema nini. Wakati wa kurudi zima sauti, uiache ramani iwe ya kuangalia pale tu unapokwama. Dar es Salaam, pamoja na foleni zake, ni mji mzuri wa kujifunzia, kwa sababu barabara kuu zimetawanyika kutoka katikati kama vidole vya mkono: Kilwa kusini, Nyerere kusini-magharibi, Morogoro magharibi, Bagamoyo kaskazini-magharibi, na bahari iko mashariki.

Dhana: Ramani inayozunguka pamoja nawe ndiyo bora.

Hurahisisha kupinda kushoto au kulia, hilo halina ubishi. Lakini kila inapozunguka, Kariakoo huhamia upande mwingine wa kioo, na akili haipati picha moja ya kuhifadhi. Katika programu nyingi unaweza kugusa alama ya dira ili kaskazini ibaki juu. Msomaji wa pwani hana haja ya kutafuta kaskazini kwa shida: Makka iko karibu na longitudo 39.8 mashariki, Mombasa 39.7 na Dar es Salaam 39.3, hivyo kibla cha miji hii ni karibu kaskazini kamili. Anayejua mihrabu ya msikiti wa mtaani kwake imeelekea wapi tayari ana dira.

Dhana: Jua la saa sita mchana liko kusini.

Hiyo ni kanuni ya Ulaya. Dar es Salaam, tangu mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa kusini. Tegemea jua la asubuhi na la jioni.

Dhana: Bila bando simu haijui ulipo.

Simu hupokea tu mawimbi ya setilaiti zilizo umbali wa kilometa 20,000 hivi, na kazi hiyo haihitaji intaneti. Kinachokosekana ni picha ya ramani, ambayo unaweza kuipakua mapema. Kinachostahili shaka zaidi ni mshale unaoonyesha umeelekea wapi. Ukiwa umesimama, mshale huo hutegemea kihisi cha sumaku, ambacho hupotoshwa na vyuma vya gari au kava lenye sumaku, kwa hiyo tembea hatua kadhaa kabla ya kuuamini. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar, ambako mawimbi hugonga kuta ndefu kabla ya kukufikia, hata alama ya mahali ulipo huweza kurukia kichochoro cha pili; huko muulize aliyeketi barazani.