Magari ya mtumba, moshi wetu na sheria za ng'ambo

Ukikaa mpakani Malaba au Busia utaona magari yaliyotumika yakiingia Uganda mfululizo kutoka bandari ya Mombasa, mengi yakiwa yametoka Japani. Kule, gari likizeeka, gharama ya ukaguzi wa lazima humfanya mwenyewe aone heri kuliuza. Kwa hiyo sheria inayosafisha hewa yao huchangia kulileta gari huku. Kwa mujibu wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na fungu kubwa kuliko yote, asilimia 40 hivi, lilikuja Afrika.

Mwaka 2018 Uganda ilipiga marufuku kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe. Kenya hairuhusu lililozidi miaka 8. Kikomo cha umri kinasaidia, lakini umri peke yake haupimi moshi. Gari la miaka 7 lililong'olewa kichujio cha moshi huchafua hewa kuliko la miaka 12 linalotunzwa vizuri. Kichujio hicho kinakaa chini ya gari, kwenye bomba la moshi, na ndani kina matundu madogo kama sega la nyuki, yaliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni madini ghali, ndiyo maana watu wanayawinda. Bomba hukatwa, kipande cha chuma tupu huchomelewa mahali pake, na gari linaendelea kutembea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mapafu ya watoto wanaosubiri taksi kando ya barabara ndiyo yanayolipa.

Kanuni za pamoja zinafaa zaidi. Tangu 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kinataka dizeli iwe na salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hilo liliwezekana kwa sababu nchi zetu zilikubaliana. Kwa nini basi umri wa magari kila nchi iuamue kivyake?

Vumbi, mkaa na takataka zinazochomwa navyo vina sehemu yao, na vifaa vya kupima hewa vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, vingine vikifungwa kwenye bodaboda, vinaonyesha hali mtaa kwa mtaa. Ibara ya 39 ya Katiba inampa kila Mganda haki ya mazingira safi, na Sheria ya Mazingira ya 2019 inamruhusu mtu kushtaki hata kama yeye mwenyewe hajadhurika. Na kabla hujalipia gari, mwombe fundi wako aingie chini yake akague kama kichujio bado kipo.